Mafundi wa Mabano

Itazame sentensi hii: "Nchi zilizoendelea [na nchi nyingine zenye uwezo] [zitatoa] [zinahimizwa kutoa] fedha [mpya na za ziada] kwa nchi zinazoendelea [hasa zilizo hatarini zaidi]." Nimeitunga mimi, lakini aliyewahi kukaa kwenye vyumba vya majadiliano ya tabianchi ataitambua sura yake mara moja. Kilicho nje ya mabano kimekubaliwa na wote. Kilicho ndani bado kinagombaniwa. Kati ya "zitatoa" na "zinahimizwa kutoa" pana mabilioni ya dola. Hicho kipande cha "nchi nyingine zenye uwezo" nacho kinaweza kuzifanya nchi zinazoendelea zianze kutazamana zenyewe kwa zenyewe: nani huyo mwenye uwezo? Kuna watu ambao kazi yao ni kuyaondoa mabano ya namna hii, moja baada ya jingine, bila kupoteza kile walichotumwa kukitetea. Nimekuwa nikiifuatilia kazi yao kwa miaka, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyozidi kuiheshimu.

Siwasemei wajumbe wa mataifa tajiri. Hao huingia chumbani wakiwa na wanasheria wao, wachumi wao na wasaidizi wa kuandika hoja usiku ili asubuhi ziwe mezani. Nawasemea afisa mazingira kutoka Lilongwe, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Bujumbura, mwanasheria wa serikali kutoka Port Vila. Pengine ujumbe wote wa nchi yake ni watu wawili au watatu, na mikutano inayomhusu saa ile ile ni mitano. Tiketi yake na posho yake ya kujikimu vimetoka kwenye mfuko wa hiari unaosimamiwa na Sekretarieti ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, mjini Bonn. Akirudi nyumbani hapokewi na mtu uwanja wa ndege. Jirani yake atadhani alikuwa semina.

Wengi wetu tunaijua Novemba, mwezi wa COP, mkutano mkuu wa kila mwaka wa nchi za Mkataba huo, kwa sababu ndio mwezi wa marais na kamera. Kazi yenyewe hufanyika zaidi Juni, Bonn, kando ya mto Rhine, ambako wataalamu wa nchi karibu 200 hukaa wiki mbili wakiandika. Mawaziri wanapofika kwenye COP hukuta rasimu ambayo tayari imeamua mengi: ni yapi bado yanajadiliwa, ni yapi yameshafungwa, na ni yapi yametoweka kabisa bila gazeti hata moja kuandika.

Chumba cha majadiliano hakina fahari. Meza zimepangwa mraba, ukutani pana skrini, mbele wameketi wawezeshaji wawili, kwa kawaida mmoja kutoka nchi iliyoendelea na mwingine kutoka nchi inayoendelea. Rasimu husomwa aya kwa aya. Anayetaka kusema husimamisha kibao cha jina la nchi yake na kusubiri aitwe. Ukalimani wa zile lugha sita za Umoja wa Mataifa ni wa vikao vikubwa; humu ndani ni Kiingereza peke yake, na mjumbe wa Kinshasa au Cotonou hupigania koma kwa lugha yake ya tatu au ya nne, mbele ya watu waliozaliwa nayo. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nivue kofia.

Mtazame aliyebobea. Hasemi mapema. Anawaacha wenye haraka wamalize, akiandika pembeni ya rasimu yake nani ametaka nini na nani ameunga mkono kwa kunyamaza. Mpinzani anaposema kwamba maneno fulani ni mapya na hayajawahi kukubaliwa, ndipo anaposimamisha kibao. Anataja mkutano, mwaka, namba ya uamuzi na namba ya aya: maneno hayo mliyakubali wenyewe, yapo pale. Chumba kinafungua kompyuta kuhakikisha. Yapo. Hakuna jibu la kumpa, kwa sababu katika mchezo huu lugha iliyokwisha kukubaliwa ndiyo mali pekee ambayo maskini na tajiri wanaimiliki kwa usawa. Nchi yake haina soko la kumtishia mtu wala msaada wa kumnyima mtu. Ina aya tu. Kwa hiyo amezisoma zote, na anajua iliyoko Cancún na iliyoko Warsaw kama mcheza bao anavyojua kete zilizo kwenye shimo bila kuzihesabu.

Pia anajua kuweka mabano yake mwenyewe. Hili humshangaza anayeanza: kwa nini uweke mabano kwenye maneno ambayo hayakudhuru? Kwa sababu mwenzako anayapenda sana. Siku ya mwisho, saa nane ya usiku, utakuwa na kitu cha kumrudishia ili naye aachie cha kwako. Anajua vilevile kulihamisha neno kutoka kwenye aya ya kutekeleza hadi kwenye dibaji ikibidi, lisife, likae huko miaka mitatu likisubiri upepo ugeuke. Na anajua lini asikubali hata hilo.

Kabla ya kufika kwenye meza hiyo, amekwisha kujadiliana na wenzake. Asubuhi na mapema kuna kikao cha Kundi la Afrika, lililoanza mwaka 1995 kwenye COP ya kwanza, Berlin. Kuna kikao cha nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kisha kuna kikao cha G77 na China, kundi la nchi zinazoendelea 134 zenye masilahi yanayopishana kama kaskazi na kusi: humo yumo mchimbaji mkubwa wa mafuta, na humo yumo mwenye kisiwa ambacho bahari inakila. Msimamo wanaotoka nao lazima wote waweze kuuvumilia. Kuupata ni kazi ngumu kuliko kukabiliana na Ulaya au Marekani, na nasema hivyo bila kusita.

Mtanzania mmoja aliifanya kazi hiyo wakati mgumu kuliko wote. Mwaka 1997 Tanzania ilikuwa mwenyekiti wa G77, na Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyelisemea kundi hilo katika mazungumzo ya Itifaki ya Kyoto. Nchi za visiwa vidogo zilikuwa zinataka mataifa tajiri yapunguze hewa ukaa kwa asilimia 20 ifikapo 2005. Wauza mafuta hawakutaka lolote la namna hiyo. Kutoka kwenye pande hizo mbili kundi liliibuka, wiki chache kabla ya Kyoto, na msimamo mmoja: asilimia 15 ifikapo 2010, na zaidi baadaye. Kyoto yenyewe iliishia kwenye wastani wa asilimia 5 hivi kwa miaka ya 2008 hadi 2012, kwa hiyo waweza kusema walishindwa. Mimi sioni hivyo. Usiku ule wa mwisho wa mkutano, Desemba, wakati muda wa mkutano ulikuwa umepita na Raúl Estrada-Oyuela wa Argentina akiendesha kikao kifungu kwa kifungu, kulikuwa na kifungu cha kuzifanya nchi zinazoendelea zijitwishe kwa hiari wajibu wa kupunguza hewa hiyo. Nchi nyingi za kundi zilikipinga, na kikaondolewa. Mwandosya baadaye aliandika kitabu kizima juu ya mazungumzo hayo, *Survival Emissions*, na ningependa kila kijana anayeteuliwa kwenda Bonn akisome kabla hajafunga begi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni mrefu zaidi, na hauna shujaa mmoja. Mwaka 1991, Mkataba wenyewe ukiwa bado unaandikwa, Vanuatu, kwa niaba ya muungano wa nchi za visiwa vidogo, ilipendekeza uundwe mfuko wa bima wa kuzifidia nchi zitakazomezwa na bahari. Pendekezo lilikataliwa. Kilichobaki ni neno moja, "bima", katika kifungu cha 4 cha Mkataba wa 1992. Nusu ya wasomaji wangelipita. Wajumbe wa visiwa hawakulipita. Waliendelea kulirudia na kulijengea. Bali, 2007, maneno "hasara na uharibifu", yaliyobeba dai lilelile, yaliingia kwenye mpango wa utekelezaji. Cancún, 2010, yakapata programu ya kazi. Warsaw, 2013, yakapata chombo chake. Paris, 2015, yakapata kifungu chake peke yake, cha 8, kikiwa kimetengwa na masuala ya kuhimili athari. Bei ya kifungu hicho ilikuwa kali: aya ya 51 ya uamuzi ulioambatana na Makubaliano ya Paris inasema kwamba kifungu hicho si msingi wa dai lolote la dhima au fidia. Wapo waliowalaumu wajumbe kwa kuikubali aya hiyo, na naelewa uchungu wao. Hata hivyo naamini walichagua sawasawa, kwa kuwa kifungu kilichopo unaweza kukiongezea kesho, ila kisichopo huna pa kuanzia.

Glasgow, 2021, G77 ililetewa mazungumzo badala ya chombo cha fedha ilichoomba. Mwaka uliofuata Pakistani, iliyokumbwa na mafuriko makubwa mwaka ule, ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa kundi. Kwanza walipigania tu suala hilo liwe kwenye ajenda, maana lisilokuwa kwenye ajenda haliamuliwi, na tarehe 6 Novemba 2022, siku ya ufunguzi Sharm el-Sheikh, likaingia. Alfajiri ya tarehe 20 mkutano ukakubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya COP28 Dubai, mfuko ukaanzishwa rasmi, na ahadi za mamia ya milioni za dola zikaanza kutolewa. Hizo ni pesa kidogo mno kwa ukubwa wa maafa. Lakini hebu fikiri: miaka zaidi ya 30, neno moja likipokezanwa na watu waliostaafu, waliohamishwa wizara, waliofariki. Profesa Saleemul Huq wa Bangladesh, aliyehudhuria kila COP tangu ya kwanza hadi ya 27 na kuwalea wajumbe wengi wa nchi maskini, alifariki Oktoba 2023, wiki chache kabla ya siku hiyo ya Dubai.

Sasa niseme habari ya fedha, kwa sababu ufundi wote huu unasimama au unaanguka kwa tiketi.

Maamuzi ya mikutano hii hayapigiwi kura. Kanuni ya 42 ya rasimu ya taratibu, inayohusu upigaji kura, haijawahi kukubaliwa tangu 1995, hivyo kila kitu hupita kwa maafikiano. Maana ya maafikiano ni kwamba hakuna aliyepinga. Na asiyekuwepo hawezi kupinga. Waswahili tuliyasema zamani: asiyekuwapo na lake halipo. Kwingineko hiyo ni methali. Pale ni utaratibu wa kikao. Tarehe 13 Desemba 2023, Dubai, rais wa COP28 alipiga nyundo kupitisha uamuzi mkuu, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ndipo Anne Rasmussen wa Samoa, aliyeongoza wajumbe wa visiwa vidogo 39, alipochukua kipaza sauti na kueleza, kwa upole mkubwa, kwamba kundi lake halikuwa ukumbini. Lilikuwa bado linakamilisha msimamo wake. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi marefu. Uamuzi haukubadilika.

Ikiwa hali ni hiyo kwa waliofika na kuchelewa mlangoni, itakuwaje kwa ambaye hakupanda ndege? Mfuko ule wa Bonn unaolipia tiketi hutegemea michango ya hiari ya mataifa, hasa tajiri. Mwaka unapokuwa mzuri hulipia wajumbe zaidi. Ukiwa mbaya huwa mmoja kwa nchi, na wakati mwingine jibu huja kwa kuchelewa kiasi kwamba viza haiwahi. Posho hupigiwa hesabu ya mkutano kumalizika siku iliyopangwa. Mikutano haimaliziki siku iliyopangwa. COP25 ya Madrid ilitakiwa ifungwe Ijumaa, ikafungwa Jumapili mchana, tarehe 15 Desemba 2019, na wajumbe wengi wa nchi maskini walikuwa wameshaondoka kwa sababu tiketi zao hazikuweza kubadilishwa na hoteli zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Saa zile za nyongeza ndizo zinazoamua. Mabano ya mwisho huondolewa wakati huo. Fundi aliyeshinda na rasimu wiki mbili anakuwa angani, mahali pake pakiwa na kibao cha jina bila mtu.

Mwaka 2025 jambo hili lilionekana wazi huko Belém, Brazili, ambako vyumba vya hoteli vilipanda bei hadi nchi nyingi zikasema zitapunguza wajumbe. Mwenyekiti wa Kundi la Afrika mwaka huo alikuwa Mtanzania, Dkt. Richard Muyungi, na alisimama hadharani kusema kuwa Afrika haiko tayari kupunguza watu wake. Brazili ikaleta meli mbili za kitalii ziwe malazi na kutenga vyumba vya bei nafuu kwa nchi maskini zaidi na za visiwa. Kuna watu walioona kelele hizo za vyumba kuwa ni jambo dogo mbele ya hatima ya dunia. Hawajui jinsi kazi hii inavyofanyika. Mjumbe anayelala mbali kwa saa nzima ya basi hukosa kikao cha kundi cha asubuhi, na aliyekosa kikao hicho anaingia chumbani bila kujua nini kimekubaliwa na wenzake.

Nimesikia pia hoja kwamba si haki tajiri amlipie nauli mtu atakayekuja kubishana naye. Mimi naona ndiyo haki yenyewe. Makubaliano yaliyofikiwa bila wanaoumia hayana nguvu, na anayelijua hilo zaidi ni huyo tajiri anayetaka yafuatwe. Ipo mifano mizuri ya msaada unaoheshimu ufundi badala ya kuununua. Mpango wa ecbi, ulioanzia Oxford mwaka 2005, umewakutanisha wajumbe wa kusini na wa Ulaya nje ya joto la mkutano na kufundisha vijana kabla ya vikao. Legal Response International, tangu 2009, hutoa ushauri wa kisheria bure: mjumbe akikwama kwenye kifungu hutuma swali, na wakili humjibu. Kwa nchi isiyokuwa na mwanasheria hata mmoja kwenye ujumbe, hilo ni jambo kubwa.

Ila fedha ya wengine ina mipaka yake, na hapa nawasemesha wakubwa zetu. Mfuko wa Bonn unalipia yule ambaye serikali imemtaja. Nani atajwe ni uamuzi wetu wenyewe, Dodoma, Nairobi, Kampala, Gitega. Ufundi huu hauwezi kupatikana kwa safari moja. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza nani ni nani na vifupisho vina maana gani. Baada ya mwaka wa tatu au wa nne ndipo anapoanza kuaminiwa kulisemea kundi. Muyungi mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa chombo cha ushauri wa kisayansi cha Mkataba mwaka 2011, zaidi ya miaka kumi kabla ya kushika uongozi wa Afrika. Nchi inayobadilisha mjumbe kila mwaka, ili kila ofisa naye apate safari yake, inaanza upya kila mwaka, wakati wapinzani wake wanatuma watu walewale waliokuwepo Paris. Bernarditas Muller wa Ufilipino, aliyeogopwa na wajumbe wa mataifa tajiri katika masuala ya fedha kuliko karibu mtu mwingine yeyote, alifika Copenhagen mwaka 2009 akiwa ameachwa nje ya ujumbe wa nchi yake. G77 haikukubali kumpoteza, naye akaendelea kulifanyia kazi. Kundi lilijua thamani ya alichokuwa nacho kichwani.

Kwa hiyo ombi langu kwa makatibu wakuu wa wizara za mazingira na za fedha ni hili. Orodha ya ujumbe itakapoletwa mezani kwako, uliza aliyekwenda Juni iliyopita yuko wapi, na umrudishe. Mwongeze kijana mmoja wa kukaa nyuma yake na kuandika. Tenga kwenye bajeti yetu wenyewe siku mbili za posho kupita tarehe ya kufunga, na tiketi inayobadilika. Gharama ya hayo yote kwa mwaka ni ndogo kuliko ya warsha moja ya hotelini, na ndiyo itakayotufanya tuwe chumbani nyundo inapopigwa.